Usomekaji wa taarifa za saratani mtandaoni

Usomekaji wa taarifa za saratani mtandaoni ni kiwango cha urahisi au ugumu anaoupata mgonjwa, ndugu yake au mtu mwingine wa kawaida anaposoma maelezo kuhusu ugonjwa wa saratani (kansa) yaliyowekwa kwenye intaneti. Suala hili linahusu maneno yaliyotumika, urefu wa sentensi, mpangilio wa maelezo, na hasa kama msomaji akimaliza kusoma anajua la kufanya.

Nchini Tanzania suala hilo lina uzito wa pekee kwa sababu wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea mwilini, wakati matibabu ni magumu na matumaini ya kupona ni madogo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha takriban wagonjwa wapya 40,000 na vifo 27,000 vya saratani nchini kwa mwaka. Makala hii inaeleza usomekaji kwa jumla, na inachukua mifano yake zaidi kutoka mikoa ya Shinyanga na Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria.

## Maana

Usomekaji ni tofauti na usahihi. Maandishi yanaweza kuwa ya kweli kabisa yasieleweke, na yanaweza kuwa mepesi huku yakidanganya. Kwa sababu hiyo maandishi ya afya huangaliwa kwa maswali matatu: Je, ni ya kweli? Je, yanaeleweka? Je, msomaji anaweza kuyatenda? Swali la tatu husahaulika mara nyingi. Ukurasa unaosema "wahi kituo cha afya uonapo dalili" haujamsaidia msomaji kama haukutaja dalili zenyewe, wala kituo gani kina kipimo hicho.

Katika Kiswahili kuna jambo jingine la kuzingatia. Lugha hii huandikwa karibu kama inavyotamkwa. Mtu aliyekwisha kujua silabi anaweza kutamka neno lolote, hata ambalo hajawahi kulisikia. Atasoma "histopatholojia" kwa sauti bila kukwama na asijue kuwa ni uchunguzi wa kipande cha nyama ya mwili kwa hadubini. Hivyo, kusoma kwa sauti pasipo kosa si ushahidi kwamba msomaji ameelewa.

## Vipimo vya usomekaji

### Kanuni za hesabu

Majaribio ya kupima ugumu wa maandishi kwa hesabu yalishika kasi nchini Marekani katika karne ya 20. Mwaka 1948 Rudolf Flesch alitoa kanuni inayotumia mambo mawili: wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno. Matokeo yake kwa kawaida huwa kati ya 0 na 100. Namba kubwa ni dalili ya maandishi mepesi. Mwaka huohuo Edgar Dale na Jeanne Chall walitoa kanuni inayotumia orodha ya maneno yanayofahamika. Mwaka 1969 G. Harry McLaughlin alitoa kanuni ya SMOG, inayohesabu maneno yenye silabi tatu au zaidi. Mwaka 1975 kanuni ya Flesch ilirekebishwa kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani ili itoe jibu kwa madaraja ya shule.

Chama cha Madaktari cha Marekani kimependekeza maandishi ya wagonjwa yasizidi uwezo wa mwanafunzi wa darasa la sita. Utafiti uliofanywa mara nyingi juu ya kurasa za saratani za Kiingereza umeonyesha kwamba nyingi zimezidi kiwango hicho, na baadhi zinahitaji msomaji aliyefika chuo.

### Tatizo la kanuni hizo kwa Kiswahili

Kanuni zilizotajwa zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho maneno yake marefu mara nyingi huwa ni maneno magumu. Kiswahili hakiko hivyo. Kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati na mtendwa, kwa hiyo neno refu linaweza kuwa jepesi kabisa. Mfano ni sentensi hii:

*Wanakijiji walimpeleka hospitalini.*

Sentensi hii ina maneno 3 na silabi 16 (wa-na-ki-ji-ji, wa-li-m-pe-le-ka, ho-spi-ta-li-ni). Ikipimwa kwa kanuni ya Flesch inapata takriban −247, yaani chini mno ya sifuri, kana kwamba hakuna binadamu awezaye kuisoma. Lakini mtoto wa darasa la tatu anaielewa.

Kinyume chake, "tiba shufaa" ni maneno mawili mafupi, lakini watu wengi hawajui maana yake. Kwa hiyo programu ya kompyuta inayopima usomekaji wa Kiingereza haifai kutumika kwa Kiswahili bila kurekebishwa. Lugha nyingine zilifanya marekebisho hayo: José Fernández Huerta aliirekebisha kanuni ya Flesch kwa Kihispania mwaka 1959, na Carl-Hugo Björnsson alitunga kanuni ya LIX nchini Uswidi mwaka 1968.

### Kupima kwa kutumia wasomaji

Njia inayofaa zaidi kwa Kiswahili ni kuwapa watu maandishi yenyewe. Njia mbili hutumika sana:

- Kujaza mapengo. Njia hii ilielezwa na Wilson Taylor mwaka 1953. Kila neno la tano hufutwa, na msomaji huombwa kujaza. Kwa kawaida anayejaza sawasawa takriban asilimia 60 au zaidi huhesabiwa kuwa anaweza kuyasoma maandishi hayo peke yake. Aliye chini ya asilimia 40 yanamshinda hata akisaidiwa.
- Kueleza upya. Msomaji hufunika maandishi na kueleza kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa na atakachofanya kesho. Hapa anayepimwa ni mwandishi. Wasomaji watano wakikosea mahali pamoja, sentensi ya mahali hapo ndiyo yenye kosa.

## Hali katika Shinyanga na Geita

### Watu na lugha

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Pamoja na Shinyanga, eneo hili lina migodi mikubwa kama ule wa Geita na Bulyanhulu, mgodi wa almasi wa Mwadui, na maduara mengi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wakazi wengine ni wakulima wa pamba, mpunga na mahindi, na wafugaji wa ng'ombe.

Lugha kubwa ya asili ni Kisukuma; zipo pia nyingine kama Kisumbwa na Kizinza. Kwa watu wengi, hasa wazee wa vijijini, Kiswahili ni lugha ya pili. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini sekondari na vyuo vya uganga hufundisha kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba daktari amejifunza ugonjwa kwa lugha moja, mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa lugha nyingine, na karatasi ya majibu ya maabara mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Familia inayotafuta maana ya karatasi hiyo mtandaoni hukutana kwanza na kurasa za Kiingereza zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine.

### Msomaji si mgonjwa

Mara nyingi anayesoma ukurasa si mgonjwa mwenyewe. Simu janja ni ya kijana, naye humsomea mama au babu yake na kumfafanulia kwa Kisukuma. Maandishi hupita basi katika hatua mbili: kijana ayaelewe kwanza, halafu aweze kuyasema kwa lugha ya nyumbani. Sentensi yenye mambo matatu kwa pamoja hupoteza moja au mawili njiani.

Hapa pia huingia suala la heshima. Ni vigumu kwa kijana wa kiume kumsomea mama yake habari za mlango wa kizazi, au kwa binti kumsomea baba yake habari za tezi dume. Waandishi wengi hukwepa aibu hiyo kwa kuandika "sehemu za siri" tu. Neno hilo ni la adabu, lakini halimwambii msomaji ni kiungo gani kinachohusika. Njia iliyo bora ni kutaja kiungo kwa jina lake la heshima, mara moja na waziwazi, kisha kueleza dalili: kwa mfano "kutokwa damu ukeni baada ya kujamiiana, au baada ya hedhi kukoma kwa uzee".

### Umbali na huduma

Kurasa nyingi za Kiswahili kuhusu saratani humwelekeza msomaji Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyopo Dar es Salaam. Kutoka Shinyanga safari hiyo ni ya takriban kilomita 1,000, pamoja na nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Lakini Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando mjini Mwanza, inayohudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa, hutoa matibabu ya saratani, yakiwemo tibakemikali na mionzi. Msomaji wa Kahama au Bukombe asiyeambiwa hivyo anaweza kukata tamaa kabla ya kuanza safari. Kwa kawaida mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya au ya mkoa, ndipo hupewa rufaa. Ukurasa unaotaja ngazi hizo kwa mpangilio huo unatendeka kuliko unaotaja hospitali kuu pekee.

### Saratani na hatari za eneo hili

Usomekaji hutegemea pia kama mifano iliyotumika inamhusu msomaji. Katika eneo hili kuna mambo kadhaa ambayo kurasa zilizotafsiriwa kutoka nchi za mbali hazielezi vizuri.

Vumbi na zebaki. Watu wengi wanajua kuwa zebaki inayotumika kukamata dhahabu ni sumu. Hudhuru neva, ubongo na figo. Hata hivyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, halijaiweka zebaki ya kawaida katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Vilivyomo katika kundi hilo ni vumbi la silika, linalotoka kwenye mawe yanayochorongwa na kusagwa kwenye karasha, na arseniki, inayopatikana pamoja na dhahabu katika baadhi ya miamba na inayoweza kuingia kwenye maji. Ukurasa unaoandika kwa mkato "zebaki huleta kansa" unaweza kumfanya mchimbaji aiogope zebaki peke yake, halafu aendelee kuvuta vumbi bila kinga akidhani yuko salama. Tena vumbi hilo huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi na huongeza hatari ya kifua kikuu. Kukohoa kwa muda mrefu, kukonda na kukohoa damu ni dalili za kifua kikuu na pia za saratani ya mapafu. Maandishi yanapaswa kusema wazi kuwa mtu aliyemaliza dawa za kifua kikuu bila nafuu arudi kupimwa tena.

Kichocho. Kichocho cha mkojo kimekuwepo kwa muda mrefu katika maeneo ya mabwawa, malambo na mashamba ya mpunga ya Usukuma. Kikikaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa kinaweza kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Ukurasa uliotafsiriwa kutoka Ulaya utataja sigara kama sababu kuu ya saratani hiyo na pengine usikitaje kichocho kabisa.

Uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt alieleza kitabibu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto nchini Uganda. Saratani hiyo, inayoitwa limfoma ya Burkitt, hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, yakiwemo ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Hukua haraka sana, lakini husikia dawa mtoto akiwahishwa. Mzazi anaweza kudhani ni jino bovu. Katika suala hili neno la maana kuliko yote kwenye ukurasa ni "haraka".

Ngozi ya watu wenye ualbino. Watu wenye ualbino wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi kwa sababu ya jua. Kurasa za nje huwaambia wasomaji wachunguze baka jeusi linalobadilika umbo. Kwa Watanzania wenye ualbino saratani ya ngozi huonekana zaidi kama kidonda kisichopona au kinyama kinachokua usoni, shingoni, masikioni au mikononi. Anayefuata maelezo ya baka jeusi anaweza kupuuza kidonda chake mpaka kichelewe.

Mlango wa kizazi. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hatari takriban mara sita zaidi ya kuipata. Uchunguzi unaotumika sana vituoni ni wa kupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Kurasa zinazotaja aina moja tu ya kipimo, kile cha kupeleka majimaji maabara, humfanya mwanamke aende kituoni akitafuta kitu ambacho hakipo na aache kilichopo.

## Maneno yanayopotosha

Neno "saratani" lilitoka Kiarabu, ambako lina maana pia ya kaa, mnyama wa majini. "Kansa" lilitoka Kilatini kupitia Kiingereza, na katika Kilatini pia ni kaa. Maneno yote mawili yanajulikana, na inashauriwa kutaja yote mawili mwanzoni ili msomaji ajue ni ugonjwa mmoja.

Maneno mengine yanajulikana lakini yana maana zaidi ya moja:

- Chanya. Katika maisha ya kila siku jambo chanya ni jambo zuri. "Majibu chanya" ya kipimo cha saratani maana yake ugonjwa umeonekana. Ni salama kuandika "majibu yameonyesha kuwa una ugonjwa".
- Hatua. Husemwa fulani "amepiga hatua" kwa maana ya kuendelea vizuri. "Hatua ya nne" ya saratani ina maana kwamba ugonjwa umefika sehemu nyingine za mwili.
- Shingo. "Saratani ya shingo ya kizazi" ikifupishwa katika kichwa cha habari kuwa "saratani ya shingo" humpeleka msomaji kwenye koo. "Mlango wa kizazi" huepusha kosa hilo.
- Uvimbe. Si kila uvimbe ni saratani, na si kila saratani ina uvimbe unaoonekana. Mambo hayo mawili yanahitaji kuandikwa.
- Kipimo. Neno hili hutumika kwa uchunguzi wa ugonjwa na pia kwa kiasi cha dawa.
- Mionzi. Msomaji anajua mionzi ya jua na picha ya eksirei. Ni vizuri kueleza kwamba tiba ya mionzi hutolewa na mashine, kwamba wakati wa kupigwa mionzi mgonjwa hahisi kuungua, na kwamba ngozi inaweza kuuma au kubadilika rangi baadaye.
- Tiba shufaa. Ni huduma ya kupunguza maumivu na kumtunza mgonjwa na familia yake. Baadhi ya wasomaji hudhani ni tiba ya kuponya. Wengine hudhani maana yake hospitali imemkatia tamaa mgonjwa. Yote mawili ni makosa.
- Haiambukizi. Saratani haiambukizwi kwa kugusana au kula pamoja. Lakini virusi vya papiloma vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi huambukizwa kwa kujamiiana. Ukurasa ukisema jambo la kwanza bila la pili, au la pili bila la kwanza, huleta ama uzembe ama unyanyapaa.

Takwimu nazo zina ugumu wake. "Mtu 1 kati ya 10" hueleweka kwa watu wengi zaidi kuliko "asilimia 10", na "watu 3 kati ya 1,000" kuliko "asilimia 0.3".

## Historia ya maandishi mepesi nchini

Kuandika kwa ajili ya watu wenye elimu ndogo si jambo jipya katika eneo hili. Kati ya miaka 1968 na 1972 mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi (sasa Kagera) ilikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vya kusomea viliandikwa juu ya kazi ambazo watu walizifahamu: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Mtu alijifunza kusoma kwa kutumia maneno ya shambani mwake. Mwaka 1974 lilianza kuchapishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa *Elimu Haina Mwisho*, kwa ajili ya watu waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya taifa iitwayo Mtu ni Afya. Ilieleza magonjwa kama malaria, kichocho, minyoo na kifua kikuu. Watu takriban milioni 2 walishiriki katika vikundi vilivyokutana kusikiliza kipindi cha redio, kusoma kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi, kujadiliana, na kuamua la kufanya kijijini kwao, kama kuchimba vyoo au kufyeka majani. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo.

Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Katika kampeni hiyo maandishi hayakuachwa peke yake. Yalisomwa pamoja na sauti ya redio, kiongozi wa kikundi na mazungumzo, na kila somo lilimalizika kwa kitendo. Ukurasa wa intaneti humkuta msomaji akiwa peke yake, hivyo unapaswa kubeba kazi ambayo zamani ilifanywa na kikundi kizima.

## Namna ya kuboresha

Mapendekezo yafuatayo hutumika katika uandishi wa maelezo ya afya:

1. Kuanza na jambo ambalo msomaji anapaswa kulifanya, halafu maelezo ya ugonjwa.
2. Kuweka wazo moja katika sentensi moja.
3. Kutumia kitenzi cha kawaida badala ya nomino ndefu: "daktari atakata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe" badala ya "utafanyika unyofoaji wa sampuli ya tishu".
4. Kueleza neno la kitaalamu mara linapotokea kwanza, kwa kuwa mgonjwa atalikuta kwenye karatasi zake.
5. Kuandika tarehe ya mwisho ya kurekebishwa kwa ukurasa.
6. Kufanya ukurasa uwe mwepesi kufunguka, kwa sababu picha kubwa humaliza bando la msomaji.
7. Kuusoma kwa sauti mbele ya mtu asiye mganga, kisha kumwomba aeleze upya.

Mfano wa marekebisho ni huu. Maandishi ya kwanza:

*Mteja atakayebainika kuwa na mabadiliko ya awali ya seli za shingo ya kizazi atafanyiwa tiba ya kugandisha katika hudhurio hilohilo.*

Maandishi baada ya kurekebishwa:

*Ukikutwa na mabadiliko ya mwanzo kwenye mlango wa kizazi, hiyo bado si saratani. Muuguzi anaweza kuyatibu siku hiyohiyo kwa kuyagandisha kwa baridi kali. Ukitibiwa sasa, unajikinga na saratani ya baadaye.*

Maandishi ya pili yana maneno mengi kuliko ya kwanza. Maandishi mepesi si lazima yawe mafupi. Wakati mwingine kueleza kunahitaji nafasi zaidi.

Umuhimu wa tarehe unaonekana katika chanjo ya virusi vya papiloma. Baada ya majaribio yaliyoanza mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilika kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kurasa za zamani bado hueleza dozi mbili, na mzazi anaweza kudhani binti yake hakukamilisha chanjo.

## Mipaka

Taarifa zinazosomeka haziondoi vikwazo vingine: nauli, gharama za matibabu, uhaba wa vipimo, hofu na aibu. Mtu anaweza kuelewa kila neno na bado asiwe na fedha za kufika Mwanza. Pia hakuna ukurasa unaoweza kuchukua nafasi ya uchunguzi wa daktari.

Tena wepesi peke yake si alama ya ukweli. Matangazo ya dawa zinazodaiwa kuponya saratani za kila aina huwa yameandikwa kwa ustadi wa usomekaji: maneno ya kila siku, sentensi fupi, ahadi moja na namba ya simu ya kupiga. Maandishi ya kweli yaliyoandikwa kwa lugha ya chuo hushindwa na matangazo hayo mbele ya mgonjwa mwenye maumivu. Msomaji anaweza kujikinga kwa kuangalia mambo machache: ni nani aliyeandika, ni lini, kama anauza anachokisifu, na kama anakubali kuwa tiba yake inaweza kushindwa au kuleta madhara. Maelezo ya kweli kuhusu tiba ya saratani hutaja pia madhara yake.

## Tazama pia

- Saratani
- Saratani ya mlango wa kizazi
- Kichocho
- Ualbino
- Elimu ya watu wazima
- Hospitali ya Bugando
- Mkoa wa Geita
- Mkoa wa Shinyanga